Mgeni wa Papasi

Njia panda ya Kagongwa, pale malori ya kutoka Geita yanapopumzisha injini kabla ya kumalizia safari ya stesheni ya Isaka, palikuwa na taruma moja la reli lililolazwa juu ya mawe mawili. Nani alilitoa relini, na kwa ruhusa ya nani, ni jambo ambalo watu wa hapo walikubaliana kutoliuliza. Waliolikalia waliitwa watu wa Taruma, kana kwamba ni ukoo. Mbele yao Bi Mwanaima, mwanamke wa Ujiji aliyeletwa Kagongwa na ndoa na kubakizwa na ujane, aliweka dele la kahawa juu ya jiko la makaa, vikombe vidogo ndani ya beseni la maji, na sinia la kashata lililofunikwa kitambaa kwa ajili ya nzi. Ilikuwa mwisho wa kiangazi cha mwaka mmoja wa hamsini na kitu, majira ambayo ng'ombe hutembea kama wanaokumbuka zamani walikuwa wakitembea, na kila kiumbe chenye mdomo mdogo huwa na kiu ya damu ya mwenziwe. Watu wa Taruma walikuwa wakijikuna huku wakizungumza, na walichokizungumza kilikuwa kujikuna.

Mzee Ngassa alikaa mwisho wa taruma, upande wa barabarani, akiukwangua mpini wa jembe kwa kigae cha chupa. Kuchonga mipini ndiyo iliyokuwa kazi yake, na mipini yake ilijulikana mpaka Kahama. Lakini huu alikuwa nao tangu mvua zilipokatika. Kila asubuhi aliuleta, akaukwangua, na jioni akarudi nao nyumbani.

— Baba Limi, ukiendelea hivyo huo utakuwa kijiti cha kuchokonolea meno, alisema Kalisti.

Kalisti aliitwa Baruti. Alikuwa amefanya kazi ya kulipua mawe mgodini Geita mpaka sikio lake la kushoto likaacha kazi kabla yake, na tangu hapo alizungumza kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

— Mti wenyewe una vinundu, alisema Ngassa.

— Vinundu viliisha Ramadhani, alisema Bi Mwanaima.

Ngassa alipuliza unga wa mpini. Alitazama barabara. Lori la Geita lilitarajiwa mchana huo, na ndani yake alikuwamo Limi, binti yake wa pekee aliyeolewa Nkome kando ya ziwa, pamoja na mtoto ambaye babu yake hajapata kumwona. Limi hakumzika mama yake. Philomena alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, Limi alikuwa mja mzito wa kuhesabu siku, na njia zote zilikuwa matope. Sasa mtoto ameanza kutambaa, njia zimekauka, na Limi anakuja kulia kilio chake.

Chumba cha kumlaza kilikuwa kimoja tu, cha mama yake. Sakafu yake Philomena aliisiriba kwa mikono yake mwenyewe, udongo na samadi, muda mfupi kabla hajalala kitandani asiinuke tena. Alama za vidole vyake zilikuwamo bado, nusu duara kufuata nusu duara, kutoka ukutani mpaka mlangoni. Ngassa alihamishia mkeka wake sebuleni ili asizikanyage. Lakini udongo haujui heshima. Kiangazi kiliupasua, na papasi, waliokuwa wachache, wakajaa ndani ya nyufa.

Papasi si kupe wa ng'ombe, anayeng'ang'ania mwilini mpaka avimbe kama kunde na kila mtu amwone. Papasi ni bapa, ana rangi ya majivu, na ana haya. Mchana hujificha ufani. Watu wakilala hutoka, hunywa, hurudi kwake kabla hakujapambazuka. Anayeumwa haoni kitu. Baadaye hushikwa na homa inayomlaza, inamwachia mpaka ashukuru, kisha inamrudia.

Ngassa alimeza kahawa yake, akauliza bila kuinua macho.

— Mtu akiwa na mgeni, na nyumba yake ina papasi, afanyeje?

— Mtu gani? aliuliza Kalisti.

— Mtu tu.

— Wa huku?

— Wa huku huku.

Bi Mwanaima alimwangalia Ngassa, akamjazia kikombe ambacho hakukiomba, akarudisha dele jikoni.

Aliyeanza kujibu ni Donatus, aliyeitwa Josho. Alikuwa msimamizi wa josho la kuogeshea ng'ombe, na kazi hiyo aliifanya vizuri mpaka siku alipoteleza akaingia mwenyewe.

— Papasi ni kupe aliyenyimwa ng'ombe, alisema Donatus. Ukoo mmoja. Akifukuzwa zizini anahamia nyumbani, anabadili jina. Ninyi mnadhani ni wadudu wawili. Ni mmoja, ana majina mawili, kama Mkristo.

— Haya. Na dawa?

— Dawa ni ile ile. Mgeni apitishwe joshoni kabla hajaingia ndani. Anaingia upande huu, anazama mara moja, anatokea upande ule, anasimama juani anachuruzika. Hata mimi nilipoanguka mle, tangu siku hiyo mbu akiniona ananipisha njia.

— Anaikimbia harufu, alisema Bi Mwanaima. Na hukuwaambia kwamba ulitoka mle huna nyusi.

— Nyusi zilirudi.

— Mmoja.

Donatus aliugusa unyusi wake mmoja kwa kidole, kama mtu anayehakikisha kuwa mlango umefungwa.

— Ile ni sumu, alisema Ngassa. Mgeni mwenyewe ana mtoto mdogo.

— Basi mtoto ashikwe juu, azame mama peke yake.

Hapo Januari alikohoa. Januari aliitwa Keya, kwa kuwa alipigana Burma katika kikosi cha Keya, jeshi la Mwingereza, akarudi na koti la jeshi ambalo hakulivua hata katika joto lile. Alipokohoa, watu walijua wanaondoka Kagongwa.

— Tulipokuwa Burma... alianza.

— Tumekwisha fika, alisema Kalisti. Leo tumechelewa kidogo.

— Tulipokuwa Burma, ruba walikuwa wanadondoka mitini kama embe. Tukaletewa dawa, tukajipaka, ruba wakaizoea. Mpaka nikajua siri yao. Mdudu anayeuma ana zamu, kama askari. Anasimama lindo. Anajua nani ni wa kambini na nani si wa kambini. Sasa nawauliza: mimi nina papasi nyumbani?

— Unao, alisema Donatus. Hata kwenye koti.

— Ninao. Je, naugua? Siugui. Wewe unao, huugui. Baba Limi anao, haugui. Nani anaugua? Mgeni. Karani akitoka Tabora akalala huku mara moja, kesho anatetemeka. Kwa nini? Papasi hawamjui. Na wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ndiyo hiyo. Mgeni akifika papasi wote wanamhamia yeye, mwenyeji anapata nafuu.

Methali ilikuwa imekaa mahali pake vizuri kiasi cha kutia hofu.

— Bibi yangu angekusikia, alisema Bi Mwanaima, angejifunika shuka mpaka kichwani.

— Sasa mgeni afanye nini? aliuliza Ngassa.

— Amdanganye mlinzi. Aingie ndani kinyumenyume. Papasi akichungulia anaona mgongo wa mtu, uso umeelekea nje, anasema huyu anatoka. Kama anatoka, basi alikuwamo. Kama alikuwamo, ni mwenyeji. Wanampisha.

— Na akitaka kutoka kweli?

Januari alilifikiria hilo kwa uaminifu.

— Atoke kwa dirisha.

Ngassa aliukwangua mpini. Unga mweupe wa mti ulimwangukia magotini. Alikuwa amekuja na swali moja tu, na alijua tangu mwanzo kwamba hakulileta lijibiwe. Alitaka kulisikia likisemwa nje ya nyumba.

Kalisti alikuwa amegeuza sikio lake zima, akangoja zamu yake, akaona imefika.

— Ninyi mnahangaika bure. Papasi wa huku wamelelewa na Wasukuma, wana adabu zao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku mbili hawamgusi. Ya tatu ndiyo wanamwonyesha kazi. Basi mgeni alale siku mbili, kabla ya ya tatu apande lori arudi kwao. Tatizo liko wapi?

— Eustace alilala usiku mmoja tu, alisema Donatus, na homa ikampata.

— Eustace ni shemeji. Shemeji hahesabiwi siku.

Kisha kila mtu akasikia kilichosemwa. Eustace alikuwa mdogo wake Philomena. Usiku mmoja alioulala Kagongwa aliulala matangani, katika chumba cha marehemu dada yake, na homa ilimlaza na kumrudia mpaka akapelekwa hospitali kwa machela. Watu walikuwa wamesema ni huzuni. Wengine walisema ni samaki. Sasa Taruma zima lilijua mwenye mgeni ni nani, na mgeni ni nani, na mtoto wa kushikwa juu ni wa nani.

Donatus alitazama vidole vya miguu yake. Januari alifunga kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. Watu wakiijua huzuni ya mwenzao huwa hawajui pa kuiweka mikono. Watu wa Taruma waliiweka kwenye uongo, kwa kuwa ndiko walikokuwa na uzoefu.

— Mimi niliona papasi Geita, alisema Kalisti, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake, yaani sauti ya mtu wa kawaida. Kambini kwetu kuta zilikandikwa kwa udongo uliotoka shimoni. Papasi wa mle walikula vumbi la dhahabu mpaka migongo ikang'aa. Basi watu wakaanza kuwaokota. Mlinzi wa getini akajua. Akawa anakagua watu mifuko, haulizi mawe, anauliza papasi. Jamaa mmoja wa Usumbwa alikamatwa nao kwenye kofia. Wakawekwa kwenye mizani ya dhahabu.

— Walikuwa na uzito gani? aliuliza Januari.

— Hawakutulia wapimwe.

Ngassa alicheka kidogo, puani. Wakafurahi, na kwa kufurahi wakazidisha.

— Mimi nasema hivi, aliendelea Kalisti. Nina rafiki bado yuko ghala ya baruti. Kijiti kimoja tu, katikati ya chumba. Puu. Hakuna papasi.

— Na nyumba? aliuliza Donatus.

— Haina papasi.

— Nauliza nyumba yenyewe.

— Nami nakujibu. Haina papasi.

— Limi si mgeni, alisema Ngassa.

Alisema polepole, kama alivyosema kila kitu, na wote wakageuka.

— Alizaliwa mle ndani, aliendelea. Alitambaa mle. Walimuuma tangu hajaota meno.

— Basi hana neno, alisema Januari kwa haraka, akiwa na nafuu. Wanamjua.

— Walikuwa wanamjua. Mama yake alimfungia fundo.

Hakuhitaji kuwaeleza fundo. Msichana akiolewa mbali, mama yake huchokoa ufa wa sakafu ya nyumbani, akatoa papasi wachache pamoja na udongo wao, akawafunga kwenye pindo la kaniki. Huko aendako atawaachia chini ya kitanda, wamuume mara kwa mara, ili damu yake isiisahau homa ya kwao. Siku akirudi kusalimia, arudi kama mtu wa nyumbani. Bi Mwanaima peke yake alikuwa hajawahi kulisikia jambo hilo. Aliacha kusuuza kikombe.

— Mnampa bibi harusi papasi?

— Pamoja na vyungu, alisema Donatus.

— Nkome hawana desturi hiyo, alisema Ngassa. Kule ni mchanga na dagaa, papasi hawakai. Mama mkwe alilifungua fundo akitafuta shanga. Alipoona kinatembea, akapiga yowe, akalitupa ziwani na kaniki yenyewe. Limi alituletea habari kwa mdomo wa mvuvi mmoja. Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Aliupindua mpini akautazama upande wa pili.

— Philomena hakucheka. Alisema, basi wamekwisha mfanya mgeni.

Upepo ulipita na vumbi lake. Bi Mwanaima alifunika vikombe kwa kiganja, akangoja lipite.

— Angepelekewa fundo jingine mapema, alisema Januari, lakini hakulisukuma neno lake mbele.

— Lori lingekuwa limekwisha fika, alisema Donatus. Watakuwa wamesimamishwa kizuizi cha mbung'o. Siku hizi yule bwana mwenye wavu mdogo anawatafuta nzi mpaka chini ya magurudumu. Akimpata mmoja anamsalimia kwanza.

Kahawa ilizunguka tena, nyembamba zaidi.

— Baba Limi, alisema Bi Mwanaima. Nikuambie kitu, hutakasirika?

— Sema, mayu, alisema Ngassa, kama alivyomwita kila mama.

— Hapa hakuna asiyejua dawa. Huyu anajua, huyu anajua, na yule mwenye baruti anajua. Sakafu inavunjwa. Udongo unatolewa nje, unachomwa. Inasiribwa mpya, na majivu ndani. Hata mtoto anajua. Wanakuzungusha Burma na Geita kwa sababu wanakuheshimu.

Watu wa Taruma walitazama pande tatu tofauti.

— Sakafu ile haina ubaya, alisema Ngassa.

— Nimeiona. Nilileta chakula matangani, ukaniambia nipite pembeni, nikapita pembeni.

Ngassa alikwangua mahali palipokuwa laini tayari.

— Marehemu mume wangu aliacha kofia yake ya kiua, alisema Bi Mwanaima. Ilitundikwa msumarini. Nikasema haiguswi. Asubuhi naitazama, jioni naitazama. Siku moja nikaenda kuipangusa vumbi, nikapangusa hewa. Mchwa walikuwa wamepanda ukutani wakaila kwa nyuma, wakaacha sura tu. Nilichokuwa nakitunza muda wote ule kilikuwa msumari.

Aliokota kaa moja lililoanguka jikoni, akalirudisha kwa koleo. Ngassa alikuwa na jibu. Alitaka kusema kwamba kofia ni kitu cha dukani, kimetengenezwa na mtu mwingine, na sakafu ni mkono wenyewe. Alitaka kusema kwamba yeye anamjua mkewe alivyokuwa akianza kusiriba kutoka ukuta wa jua linakotua, akirudi nyuma amepiga magoti, kwamba mahali pamoja karibu na mlango alama inapinda kwa sababu hapo alisimama akohoe. Hakusema. Maneno yote hayo yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililomhusu mtoto anayetambaa.

Lori lilisikika kabla halijaonekana. Lilifika likiwa jeupe kwa vumbi, limebeba mashua iliyopasuka, magunia ya dagaa na watu waliofanana rangi na magunia. Utingo akafungua mlango wa nyuma. Mwanamke mmoja mwembamba, mtoto mgongoni, akaushika ubao kwa mikono miwili, akageuka, akashuka kama watu wote wanavyoshuka malorini, kinyumenyume.

— Umeona, Januari alimnong'oneza Donatus. Ameanza vizuri.

— Shikamooni, alisema Limi, akipiga goti kidogo.

— Marahaba, mayu, marahaba, waliitika wote, na Donatus akampisha nafasi kwenye taruma.

Hakukaa. Alikwenda mpaka mbele ya baba yake, akamshika mikono yote miwili pamoja na mpini uliokuwamo. Alilia hapo akiwa amesimama, bila sauti kubwa, kilio cha mtu aliyekibeba njia nzima akiogopa kisimwagike. Baba yake hakumwambia anyamaze. Mtoto alichungulia begani kwa mama yake. Alikuwa na paji la uso lililojaa, na alimkazia Ngassa macho kwa ukali, kama mtu aliyeambiwa habari zake na hazikumridhisha. Philomena alikuwa akimtazama vile siku za soko.

Limi alijifuta kwa ncha ya kaniki.

— Baba, tutalala wapi?

Lilikuwa swali la kawaida, la mtu aliyechoka. Donatus aliugusa unyusi wake. Januari aliinamisha kichwa kama aliyeitwa jina gwarideni na si lake. Kalisti alijifanya hakusikia, ingawa swali lilikuja upande wa sikio zima. Katika dawa zote zilizotolewa siku ile hakuna iliyokuwa na kitanda.

Bi Mwanaima aliliinamisha dele juu ya kikombe cha mgeni. Yakatoka matone, kisha mashapo, kisha hakikutoka kitu.

— Kahawa imekwisha, alisema, na hakuna aliyenung'unika.

— Kuna chumba cha mama yako, alisema Ngassa. Sakafu imepasuka. Papasi wamejaa.

— Kwani haijavunjwa?

— Ni ile aliyoisiriba mwenyewe.

Limi alimwangalia. Alifungua kaniki, akamteremsha mtoto mgongoni, na bila kuuliza akampakatisha Bi Mwanaima, ambaye alimpokea kana kwamba walikuwa wameagana iwe hivyo.

— Ya mwaka jana?

— Ndiyo.

— Baba, mama hakuwahi kuiacha sakafu ivuke kiangazi. Kila mwaka ukifika wakati huu aliivunja mwenyewe. Yeye na jembe, mimi na ungo, nabeba udongo natupa motoni. Nawe unakaa nje unalalamika vumbi.

Ngassa alilikumbuka vumbi. Alikumbuka alivyokuwa akipiga kelele mlangoni kwamba sakafu ile ni nzima, imara, inafaa mwaka mwingine, na sauti ya Philomena ikitoka ndani ya wingu jekundu, ikimwambia akacheze bao.

— Mwaka huu hakuna aliyeivunja, alisema.

— Tutaivunja.

— Wewe pumzika kwanza, mama, alisema Januari kwa huruma. Mgeni hapewi kazi siku ya kufika.

— Mgeni nani?

Januari alifungua mdomo. Alimtazama Kalisti, aliyekuwa na methali zote, na Kalisti, kwa kuona kwamba lazima mtu aseme kitu, akaanza:

— Mgeni siku mbili...

Akaishia hapo.

— Ya tatu jembe, alimalizia Limi. Mimi nipeni leo. Mpini nauona. Jembe lake liko wapi?

Ngassa aliutazama mpini. Ulikuwa wa jembe la Philomena. Wa zamani ulimvunjikia mkononi katika kupanda kwake kwa mwisho, akamwambia mumewe amchongee mwingine, usiwe mnene kama ule, na yeye akasema kesho.

— Liko nyuma ya mlango, alisema.

— Mtalala kwangu mpaka sakafu ikauke, alisema Bi Mwanaima. Kwangu nimepiga saruji, marehemu aliitaka. Huyu nitakaa naye hapa. Nendeni.

Kalisti alisema naye atakuja kubeba udongo, ila asisemeshwe upande wa kushoto kwa sababu hatasikia. Donatus alisema ana debe la majivu. Januari aliangalia koti lake kwa muda, akalivua, akaliweka juu ya taruma chini ya mtoto, baada ya Bi Mwanaima kulikung'uta mara nyingi kuliko ilivyokuwa adabu.

Ngassa alikitupa kigae cha chupa ng'ambo ya barabara. Alisimama, akauweka mpini begani, na wakashika njia ya nyumbani, Limi mbele, yeye nyuma. Walikwenda hatua chache kabla hajasema.

— Utaniachia kidogo tu. Pale karibu na mlango, panapopinda.

Limi hakugeuka.

— Mama alisema pale mlangoni ndipo wanapokaa wengi.

Ngassa alitembea. Jua lilikuwa kali, na mpini, kwa ulaini wake, ulikuwa ukimteleza begani. Aliushika kwa mkono wa pili.

— Basi tuanzie hapo, alisema.